Korosho za Bergamo

Mabuti yangu yalitengenezwa Italia. Najua kwa sababu imeandikwa hivyo ndani ya ulimi wa kiatu, na muuzaji wa mtumba pale Karume, Ilala, aliweka kidole juu ya maandishi hayo kabla hajataja bei. "Soma mwenyewe, braza. Hii si mchina." Nikasoma, nikalipa bila kubishana sana. Mwaka ulikuwa 2021, soko lilikuwa halijaungua bado, na mimi sikuwa na habari ya Ulaya hata kidogo. Niliyanunua kwa tamaa tu. Nikayapeleka nyumbani Tanga, mji ambao mtu akionekana na buti la ngozi lenye manyoya ndani watu huulizana amerogwa na nani, na mama akayasukumia uvunguni mwa kitanda yakale joto na unyevu wa bahari.

Mwaka uliofuata nikapata nafasi ya kusoma Milano. Mama akainama, akayavuta uvunguni, akayapangusa vumbi kwa upande wa kanga. "Si unaona? Mungu hakukupotezea hela yako."

Kwa hiyo yahesabuni wenyewe. Yalizaliwa Italia, yakavaliwa na mtu nisiyemjua, yakatolewa sadaka, yakabanwa ndani ya belo, yakapanda meli, yakafunguliwa Dar es Salaam, yakapanda basi la Tanga, yakalala mwaka mzima, kisha yakapanda ndege kurudi kwao. Nina wajomba waliosafiri kidogo kuliko viatu vyangu. Baridi mbili za kwanza niliyatunza kama viatu vya Idi, nikawa natembea na raba mbili zilizolowa. Baridi ya tatu, Jumapili moja ya Januari 2025, nikaona siku yake imefika. Nikayavaa kwenda Bergamo.

Tulikuwa wanne. Dada ni mtu wa Mombasa, amekaa Milano miaka kumi na moja akimtunza bibi mmoja mzee, hata Jumapili. Wikiendi ile kijana wa bibi alikuja kukaa na mamake mpaka Jumatatu, kwa hiyo Dada alikuwa huru mpaka usiku, jambo ambalo alilitangaza kwenye kundi letu kama anayetangaza mwandamo wa mwezi. Wa pili tunamwita Mipango. Ni Mchaga, anasoma uhandisi, na hawezi kwenda kununua mkate bila kuandika ratiba. Wa tatu ni kijana aliyefika Septemba kutoka Newala, Mtwara, mtoto wa mkulima wa korosho, ambaye sisi tunamwita Newala kwa sababu kila sentensi yake ya tatu huanzia huko. Dada alitaka kitu kimoja tu: siku ya kutembea bila haraka. Miaka kumi na moja, alisema, hajawahi kutembea mjini bila kusukuma kiti cha magurudumu.

Mipango akaandika ratiba ya kutembea bila haraka. Ilikuwa na vipengele kumi na vinne.

Kisha akatuma ujumbe: "Jumapili treni saa 9:05, Milano Centrale. Atakayechelewa shauri yake."

Saa tatu na dakika tano asubuhi treni iliondoka. Sisi watatu tulikuwa chini ya ubao wa ratiba tukimpigia simu Newala, ambaye alipokea akiwa na sauti ya mtu mwenye povu mikononi. Alikuwa anafua.

"Mbona mapema, kaka? Si mmesema saa tisa na dakika tano? Nikajua mmeamua kwenda alasiri, jua likisogea."

Mipango akamuuliza kama hata darasani huenda saa tisa alasiri. Newala akajibu kwa utulivu uliotunyamazisha wote: "Darasani wananiandikia Kiitaliano, nasoma Kiitaliano. Wewe umeniandikia Kiswahili, nimesoma Kiswahili."

Hakuna aliyekuwa na jibu. Mpaka leo sinalo. Tarakimu tisa ndani ya ujumbe wa Kiswahili ni saa tisa, na anayetaka saa tatu aandike saa tatu. Mipango alikata vipengele vitano kwenye ratiba yake kwa kalamu nyekundu, na tukapanda treni ya saa tano na dakika tano. Tiketi za karatasi zinatakiwa kugongwa muhuri kwenye kijimashine kabla ya kupanda. Tulikumbuka hilo tukiwa tumeshakaa, nikatumwa mimi kukimbia na tiketi nne, nikarudi mlango ukinibana mkoba. Nadhani ni mbio zile ndizo zilizoyamaliza mabuti, ingawa yenyewe yalivumilia kimya kwa muda, kama mgonjwa asiyetaka kuwaharibia watu safari.

Nje ya dirisha hapakuwa na kitu. Bonde la mto Po wakati wa baridi hujaa ukungu mzito, mweupe kama tui la kwanza. Wanaokaa Milano wameuzoea. Newala alikaa amebandika pua kwenye kioo dakika hamsini nzima akisubiri Italia ianze.

Bergamo ni miji miwili iliyobebana. Mji wa chini una kituo cha treni, mabenki na foleni ya magari, na mji wa juu umekaa kilimani ndani ya kuta za mawe. Kutoka chini kwenda juu kuna behewa linalovutwa na kamba ya chuma tangu mwaka 1887. Tuliingia ndani yake kwenye ukungu, tukabanwa kati ya familia yenye mbwa na familia yenye mbwa mkubwa zaidi, na katikati ya mlima, ghafla, tukatoboa. Jua likatupiga usoni. Chini yetu mji wote wa chini ulikuwa umezama, bonde lote limezama, kumebaki bahari nyeupe iliyotulia. Mombasa na Tanga tukatazamana. Mtu wa pwani akiona maji mengi yaliyotulia huanza kutafuta ngalawa.

"Ama kweli," Dada akasema, "kisiwa hiki."

Behewa likasimama juu, tukatoka kwenye kiwanja kidogo, nikapiga hatua ya tatu, na buti la kulia likafungua mdomo.

Sikuelewa mara moja. Nilihisi mguu umekuwa mwepesi na baridi imeingia kwa kupitia chini, mahali ambapo baridi haina ruhusa. Nikatazama. Soli ilikuwa imebaki nyuma yangu nusu hatua, imeshikiliwa na kisigino tu, na kwenye mawe kulikuwa na mstari wa chenga nyeusi kama mtu aliyemwaga pilipili manga iliyosagwa. Nikainua macho kutafuta pa kushikilia, nikaona kibao cha jina la kiwanja: Piazza Mercato delle Scarpe. Dada akanitafsiria bila kutabasamu, na naamini ilimgharimu.

"Kiwanja cha Soko la Viatu."

Zamani waliuza viatu pale. Siku hizi hawauzi. Kuna mikahawa na duka la sumaku za kubandika kwenye friji. Mipango alichuchumaa akaokota chenga, akaiponda kwa vidole, akaanza somo. Soli za namna hii, alisema, hutengenezwa kwa poliuretani. Hazifi kwa kutembea, hufa kwa kukaa. Unyevu wa hewani huivunjavunja poliuretani kidogo kidogo kwa ndani, na kadiri kunavyokuwa na joto ndivyo inavyokwenda kasi, mpaka siku ukivaa kiatu kinachoonekana kipya kinasambaratika kama keki. "Kwa hiyo," akamalizia, "wewe ulikiua kwa kukitunza. Uvungu wa mama yako huko Tanga ndio uliokula hii soli." Nilimwomba asimtaje mama yangu kilimani.

Kuanzia hapo nilitembea kwa kuburuza mguu, na kwa mara ya kwanza katika historia yetu Mipango akalazimika kwenda pole pole. Dada alinishukuru.

Barabara ya mawe inapanda hadi kwenye uwanja mkubwa wa zamani, Piazza Vecchia, na mwisho wake kuna jumba la utawala wa kale lililosimama juu ya matao. Chini ya matao, sakafuni, kuna saa ya jua. Padri mmoja, Giovanni Albrici, aliichora mwaka 1798: mstari wa marumaru umelazwa chini, na jua likipita kwenye tundu lililoko juu, doa la mwanga huvuka mstari huo likifika utosini. Kwa Bergamo, Januari, jua hufika utosini nusu saa hivi baada ya saa sita za simu. Sisi tulifika dakika kumi kabla. Mipango akatangaza kwamba hili lilikuwa kipengele namba tatu na kwamba ndilo pekee tuliloliwahi.

Tukasimama. Watu wengine wakasimama kwa sababu sisi tumesimama. Ikafika kama kumi na tano hivi, wote tunatazama sakafu, na mimi nilisimama kwa mguu mmoja kama korongo, soli ikining'inia. Na hapo, polepole, bila kumsukuma mtu, ile bahari nyeupe ikaamua kupanda. Ukungu ukaja kwa juu ya mapaa, ukaingia uwanjani, ukaketi. Jua likafungwa. Saa ikafungwa.

Newala, ambaye bado alikuwa na deni la asubuhi, aliona nafasi. "Kumbe hata wao saa yao haijulikani ni ngapi."

Hapo nikaona nimlipe fadhila kijana wa watu, nikasema ninachokijua. Waitaliano wenyewe kwa karne nyingi hawakuhesabu saa kama sasa. Walihesabu kuanzia machweo: jua likizama siku imeisha, saa zinaanza upya. Mtu akisema saa moja ya usiku alikuwa na maana ile ile ya bibi yangu wa Pangani. Saa hizi za kuanzia usiku wa manane zilitapakaa huku zaidi walipoingia Wafaransa wa Napoleon, na Bergamo waliingia mwishoni mwa 1796, muda mfupi kabla ya padri kuchora mstari wake.

"Kwa hiyo," Newala akamwambia Mipango, "mimi nilikuwa mapema. Nilikuwa mapema kwa miaka mia mbili."

Mipango akakata kipengele namba tatu.

Nyuma ya matao hayo kuna kiwanja kingine, na hapo, ubavuni mwa kanisa la Santa Maria Maggiore, kuna jengo la marumaru ya waridi na nyeupe lililopambwa kama sanduku la bibi harusi. Ni kaburi la Bartolomeo Colleoni, jemadari wa kukodiwa aliyepigania Venezia, akafa mwaka 1475. Kabla hajafa alitaka kaburi lake likae hapo hapo lilipo kanisa, akabomoa chumba cha sakristia ili apate nafasi. Kwetu huyo angeitwa mvamizi wa kiwanja. Wao wamemwekea geti la chuma lenye nembo yake, na nembo hiyo ina vitu vitatu vilivyochongwa, na vitu hivyo vimesuguliwa na mikono ya watu mpaka vinang'aa, kwa sababu inasemekana kuvigusa huleta bahati.

Inabidi nieleze vitu hivyo ni nini, na niko kwenye tatizo lile lile ambalo punde lilimkuta Dada. Jina la jemadari, Colleoni, kwa Waitaliano linafanana mno na neno la sehemu fulani za mwanamume, zile ambazo kwa kawaida huwa mbili. Yeye hakuona haya. Aliona ni sifa. Akaziweka kwenye ngao yake, na kwa kuwa alikuwa jemadari hakuona sababu ya kuishia mbili.

Newala hakujua lolote kati ya haya. Aliona watu wanasugua, akavua glavu, akasugua. Alisugua kwa bidii ya mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Alisugua moja baada ya nyingine, zote tatu, kisha akarudia. Na akiwa bado ameshika akageuka:

"Dada, hivi hizi ni nini?"

Dada ni mtu wa adabu zake. Amevaa buibui juu ya koti, au koti juu ya buibui, sijawahi kujua mpaka unaishia wapi. Lakini pia ni mtu asiyependa uongo. Nikamwona anafungua mdomo, ukweli unatoka, nusu ya neno ikaponyoka:

"Hizo ni koro..."

Akamtazama yule kijana. Akaitazama mikono yake. Akamkumbuka, nadhani, mama yake aliyeko Newala.

"...sho," akamalizia. "Korosho."

Kimya. Mimi nikainama kurekebisha buti ambalo halikuwa na cha kurekebishwa. Mipango akaanza kukohoa akaenda kukoholea mbali. Na Newala akasogeza uso karibu na ngao, akaitazama kwa macho ya mtaalamu, macho ya mtoto aliyezaliwa chini ya mkorosho, na uso wake ukafunguka polepole.

"Korosho!" akasema. "Tena zimechongwa vizuri. Ona zilivyopinda."

Na lazima niseme ukweli: zimepinda. Kila moja imevimba upande mmoja na kuchongoka upande wa pili. Ukizitazama umeshaambiwa ni korosho, huwezi tena kuziona kuwa kitu kingine. Newala akapiga picha saba. Akajipiga na yeye mwenyewe ameshika. Akamtumia baba yake, na kabla hatujamzuia akaongeza ujumbe wa sauti akieleza kwamba majemadari wa Italia, miaka mia tano iliyopita, waliiheshimu korosho kiasi cha kuiweka kwenye ngao ya vita, na kwamba watu hapa huigusa wapate baraka. Kisha simu ikazima. Baridi huua betri za simu kama unyevu unavyoua soli. Digrii zilikuwa mbili.

"Utamwambia lini?" nikamnong'oneza Dada.

"Mimi? Wewe ndiwe kakake."

Kufikia saa tisa kasoro tulikuwa na njaa ya kweli. Tulikwenda kwenye mkahawa uliokuwa kipengele namba saba, tukakuta jiko limefungwa. Huku mchana wa kula una mwisho wake, na ukipita wamezima moto, hata ulie. Tukajaribu wa pili, wa tatu. Yule wa tatu alitazama saa yake, akatutazama kwa uso wa masikitiko kama tumekosa mazishi.

Ndipo Newala akauona ugali.

Ulikuwa dirishani, kwenye duka la keki, umepangwa safu: mabonge ya mviringo, ya manjano, yaliyoumuka juu, kila bonge likiwa limekaliwa na kijindege kidogo cha kahawia. Chini kulikuwa na kibao: polenta e osei. Maneno hayo Newala aliyaelewa, kwa sababu polenta ni neno ambalo Mwafrika wa mashariki hulijua wiki ya kwanza. Polenta ni ugali. Unga wa mahindi, maji, mwiko. Na kweli chakula chenye jina hilo kipo, ugali na vindege vya kuokwa, kitoweo cha wawindaji wa milima hii. Akaingia ndani mbio, akatununulia manne kwa pesa yake mwenyewe, akatoka na kiboksi kilichofungwa kwa utepe wa dhahabu. Kabla hatujasema lolote alishatoa mfukoni kichupa chake cha pilipili ya kusaga, ambacho hutembea nacho kama wengine wanavyotembea na dawa ya pumu, akanyunyizia, akang'ata.

Ni keki. Ndani sponji na krimu, nje unga wa lozi na sukari, na ndege ni wa chokoleti. Nilimwona anatafuna, anasimama, anatazama mbele. Hakutema. Kijana amelelewa vizuri.

"Wametia sukari kwenye ugali," akasema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyeona msiba wa taifa jingine.

Hapo Dada akapata mada yake, na tukaketi kwenye ngazi baridi za mawe tukamsikiliza, kwa sababu bibi anayemtunza ni mtu wa mkoa huu na ugomvi wao wa polenta una miaka kumi na moja. Bibi anataka polenta ikorogwe dakika arobaini na tano ndani ya sufuria ya shaba, pole pole, kwa upande mmoja. Dada alimpikia ugali wake dakika kumi, ukasimama imara, bibi akaonja akasema haujaiva. Dada alionja wa bibi akasema ni uji. Tangu hapo kila Jumapili hupikwa sufuria mbili. Bibi humsimulia jinsi wazee wake walivyokula polenta asubuhi, mchana na jioni, wala hasemi kwa majivuno. Mahindi yalipokuja huku kutoka Amerika yalizaa sana, maskini wa kaskazini wakaacha vyakula vingine, na ugonjwa ukawaingia: ngozi inababuka, akili inavurugika. Daktari mmoja wa Milano, Frapolli, ndiye aliyeupa jina la pelagra mwaka 1771. Baadaye sana ndipo ikajulikana kwamba mwili ulikuwa unakosa niasini, vitamini ambayo mahindi matupu hayaitoi vizuri. Wenyeji wa Amerika walikuwa wakichemsha mahindi yao na chokaa, na chokaa huifungua. Wazungu walibeba mbegu wakasahau kuuliza yanapikwaje. Nilipolisikia hilo niliwaheshimu dagaa na maharage kwa namna mpya.

Mpaka leo, Dada akasema, watu wa kusini mwa Italia wakitaka kuwatukana wa kaskazini huwaita polentoni. Wala ugali.

"Hilo ndilo tusi?" akauliza Mipango. Alikuwa ameudhika kweli.

Ule utepe wa dhahabu ndio ulioniokoa. Dada aliuzungusha mara nne kwenye buti langu, chini ya soli na juu ya kidole, akaufunga kwa kishada. Nikasimama. Lilishika. Mguu wa kushoto nilikuwa mwanafunzi, mguu wa kulia zawadi ya harusi.

Kwa mguu huo nikazunguka kuta za mji. Venezia ilianza kuzijenga mwaka 1561, zina urefu wa zaidi ya kilomita sita, na ili zipite walibomoa nyumba za watu pamoja na kanisa kuu la Mtakatifu Alessandro. Na baada ya gharama yote hiyo hakuna jeshi lililokuja kuzizingira. Adui hakutokea. Siku hizi watu hutembezea mbwa juu yake na UNESCO imeziandikisha tangu 2017. Nilizipenda sana. Jumapili jioni mji mzima upo pale, babu na wajukuu, wapenzi, walioachana, wote wanakwenda upande mmoja kisha wanarudi, bila kununua kitu, kama Forodhani kabla ya watalii. Dada aliweka mikono mfukoni. Hakusukuma chochote. Alitembea saa nzima bila kusema neno, na Mipango, Mungu ambariki, hakutoa karatasi.

Alipopita mtoto mmoja mwenye skafu ya bluu na nyeusi ya Atalanta, alimwona Newala, akasimama, akapiga kelele: "Lookman!" Mwaka uliotangulia, huko Dublin, Ademola Lookman alifunga mabao yote matatu Atalanta ilipoichapa Bayer Leverkusen fainali ya Ligi ya Europa, na tangu siku hiyo kijana mweusi akipita Bergamo ana uwezekano wa kusalimiwa kwa jina hilo. Mama wa mtoto aliiva uso kwa aibu. Newala alimpa mtoto mkono, akampa na mwingine. Sisi tumewahi kuitwa mabaya zaidi katika nchi hii, hili tulilipokea.

Mzee mmoja kwenye benchi alikuwa akinitazama mguu. Akaniita kwa kidole. Akaniuliza kitu kwa lugha ambayo si Kiitaliano, ni Kibergamo chao cha milimani, ambacho hata Mwitaliano wa Roma akikisikia huinua mikono. Dada, kwa shule ya bibi, alielewa: anataka kuona kiatu. Nikainua. Mzee akafunua ulimi wa buti, akavaa miwani, akasoma. Made in Italy. Akaitazama soli, akatazama utepe, akanitazama mimi, akatikisa kichwa muda mrefu, kisha akasema neno moja ambalo Dada alikataa kulitafsiri ila akakiri kwamba lilikuwa kwenye ukoo wa korosho.

Jikoni hufunguliwa tena saa moja jioni. Tulikuwa mlangoni saa moja kamili, na tulikula polenta ya moto, ile ya milimani, yenye unga mweusi mweusi umechanganywa, jibini na siagi vimeyeyukia ndani. Mipango alitangaza kwamba atamega tonge kwa heshima ya Kilimanjaro. Akanawa, akamega, akafinyanga, akabonyeza kwa dole gumba. Tonge likakubali. Lakini jibini lilikataa kuachana na sahani, likamfuata, kamba ndefu kutoka mezani mpaka kinywani, akainua mkono juu zaidi kuikata nayo ikarefuka, mpaka akawa amesimama. Meza ya jirani walimpigia makofi. Simu ya Newala ilikuwa pembeni ikichajiwa kwa hisani ya mhudumu.

Tulitoka ikikaribia saa nne usiku. Mnara wa mji, pale kwenye uwanja wa zamani, hupiga kengele mara mia moja kila usiku saa nne, kukumbuka enzi ambapo milango ya kuta ilifungwa na aliyebaki nje alilala nje. Kilikuwa kipengele namba kumi na nne, na Mipango alikuwa amekilinda siku nzima. Tulisimama katikati ya uwanja, ukungu umeshuka mpaka kwenye taa, utepe wangu umelowa na kishada kimelala.

Newala akawasha simu. Ujumbe ukaanza kumiminika, ting, ting, ting. Mmoja ulikuwa wa sauti, kutoka kwa baba yake. Akauweka kwa sauti ya juu, ili nasi tufaidi.

Mzee alianza kwa salamu ndefu, akatuombea heri sote. Akasema picha ameiona, ameionyesha nyumba nzima, kisha ameirusha kwenye kundi la AMCOS, ushirika wa wakulima, na mwenyekiti amefurahi sana, amesema iletwe kwenye mkutano. Akasema watu wa huku inaonekana walikuwa na akili mapema. Lakini yeye na wenzake wana swali moja, na wanaomba mwanawe aulizie wenyeji vizuri asije akakurupuka. Sisi hapa, akasema mzee, bado tunauza ghafi, India na Vietnam ndiko wanakobangua, faida inabaki kwao.

"Sasa huyo jemadari, hizo zake, alikuwa anabangulia wapi?"

Dada alikuwa ameshaingiza uso wote ndani ya skafu. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka. Mipango aligeukia mnara.

"Dada," Newala akasema, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kurekodi. "Wewe unakijua Kiitaliano. Nimjibuje mzee?"

Kengele ikapiga ya kwanza.

"Ngoja iishe," Dada akasema kutoka ndani ya skafu.

Zilikuwa zimebaki tisini na tisa.